Mjumbe hauawi: Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua kihisi kipya

TAA yenyewe iliwaka Jumatatu asubuhi, nikiwa katika foleni ya magari ya Barabara ya Jogoo, watoto wawili wamesinzia kiti cha nyuma na sare zao za shule. Ni kijitaa cha rangi ya manjano chenye umbo la injini. Hakipigi kelele wala hakizimi gari. Kinawaka tu, kama mgeni aliyesimama mlangoni bila kubisha hodi.

Nilifanya wanavyofanya wengi wetu. Nilijifanya sikukiona.

Baada ya wiki mbili mfuko ulianza kusema. Zile shilingi 2,000 za petroli, ambazo zamani zilinifikisha Ijumaa jioni, sasa zilikuwa zikikata roho Alhamisi. Gari likisimama kwenye taa za barabarani lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Jioni moja mume wangu alinipokea langoni, akanusa, akasema: "Mama Watoto, gari lako linanuka kama kituo cha petroli."

Basi nikalipeleka gereji. Sitaitaja jina. Kijana niliyemkuta alikuwa na adabu, ovaroli safi, na kifaa kidogo alichokichomeka chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, kikawasiliana na simu yake. Dakika mbili hazikupita.

"P0171," alisoma. "Mama, hii ni sensa ya oksijeni. Imekufa."

Nilicheka kidogo, kwa sababu mimi sensa ninayoijua ni ile ya kuhesabu watu. Lakini aliponitajia bei kicheko kilikatika: shilingi 8,500, kifaa na kazi. Hizo ndizo nilizokuwa nimeziweka kando kwa ajili ya basi la shule la muhula uliofuata. Nikalipa. Akafungua ya zamani, akaifunga mpya, akafuta kumbukumbu ya kompyuta, taa ikazimika. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Siku ya tatu taa ikawaka tena.

Niliporudi kwake alikuna kichwa, akasema labda sensa ya pili nayo imeharibika. Nikamuuliza je, tukibadilisha hiyo na taa ikawaka tena? Akajibu bila kutania kwamba ikifika hapo tunaweza tu kuitoa balbu ya hiyo taa. Nilimshukuru, nikaondoka.

Pua ya gari

Kabla sijaeleza nilikokwenda, hebu kwanza tukijue hiki kidude, maana aliyekwisha kukielewa hadanganyiki kwa urahisi. Mafundi hukiita sensa. Mimi nitakiita kihisi, tusije tukawachanganya makarani wa serikali.

Injini ya petroli haili petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara, isibaki petroli wala oksijeni. Ukitaka kuiona hesabu hiyo kwa macho, lita moja tu ya petroli hula lita zaidi ya 9,000 za hewa ya Mombasa. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo huhitaji nyingi zaidi. Enzi za kabureta fundi ndiye aliyekuwa akikisia kipimo hicho kwa bisibisi na sikio. Lililopimwa vizuri Mombasa lilifika Limuru likitoa moshi mweusi.

Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta dawa ya jambo hilo, na gari la kwanza kuuzwa likiwa nayo lilikuwa la Volvo ya Sweden. Ni kifaa chenye ukubwa wa plagi, kilichofungwa kwenye bomba la moshi kama pua. Kazi yake ni kunusa moshi unaotoka na kuiambia kompyuta ya gari kama umebaki na oksijeni au la.

Wanafunzi wa kemia watapenda jinsi kinavyonusa. Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri iitwayo zirkonia, kilichopakwa platini ndani na nje. Nje kinapigwa na moshi, ndani kinapata hewa safi. Kauri hiyo ikipata joto la digrii 300 na zaidi, huruhusu chembe za oksijeni zenye chaji zipite ndani yake kutoka penye oksijeni nyingi kwenda penye haba, na mpito huo huzaa umeme. Mafuta yakizidi, moshi huwa hauna oksijeni, na kihisi hutoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, umeme hushuka hadi volti 0.1 hivi. Kompyuta ikiona juu, hupunguza mafuta; ikiona chini, huongeza. Basi kihisi kizima hakitulii. Injini ikiwa moto, volti hupanda na kushuka mara kadhaa katika kila sekunde kumi, siku nzima, mwaka mzima.

Kwa kuwa moshi wa asubuhi ni baridi, vingi vya siku hizi vina waya wa kukipasha joto kihisi ndani kwa ndani. Ndiyo sababu utaona nyaya nne: mbili za joto, mbili za habari.

Na magari mengi huwa na viwili. Cha kwanza kiko karibu na injini na ndicho kinachopima mafuta. Cha pili kiko nyuma ya kile chombo cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita katalaiza, na kazi yake ni kukichunguza chombo hicho kama kinafanya kazi. Kijana wangu alipotaka kubadilisha cha pili ili kutibu mchanganyiko wa mafuta, alikuwa akimpa dawa ya macho anayeumwa na jino.

Njaa au kuvimbiwa?

Dada yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee wa Kariobangi, aliyeanza kazi enzi hizo hizo za kabureta. Gereji yake ni mabati manne na mwembe. Nilidhani mtu wa umri wake ataikimbia kompyuta, kumbe anacho kifaa kama cha yule kijana, tena kikuukuu zaidi.

Naye aliisoma P0171. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa: "Mwanangu, hiyo namba inasema nini?"

Nikamjibu nilivyoambiwa, kwamba kihisi kimekufa.

"Haisemi hivyo," alisema. "Inasema mchanganyiko ni mwembamba, hewa imezidi mafuta. Haikusema ni kwa nini. Kihisi ndiye aliyeleta habari, na mjumbe hauawi mpaka ujue kama amesema uongo."

Alieleza kuwa kihisi chenyewe kina namba zake. P0135, kwa mfano, ni ya waya wa kukipasha joto kihisi cha kwanza, na P0133 ni ya kihisi hicho kuwa kizito kujibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini hata hizo si cheti cha kifo. Fyuzi iliyoungua yaweza kuleta P0135, na fyuzi si ghali.

Akafungua plagi moja na kunionyesha ncha yake. Ilikuwa nyeusi tititi, imejaa masizi makavu.

"Tazama," akasema. "Kompyuta inasema gari lina njaa. Plagi inasema limevimbiwa. Mmoja wao anadanganywa."

Msomaji, hapo ndipo nilipomkalia mzee yule kitako. Gari lenye mafuta haba haliwezi kuweka masizi meusi kwenye plagi, wala halinuki petroli. Habari hiyo ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu siku ya kwanza, na kuitazama hakuhitaji kompyuta. Kulihitaji spana ya plagi.

Alitazama takwimu zinazotembea kwenye kile kifaa, injini ikiwa imepata moto. Kompyuta ilikuwa imeongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 20 gari likiwa limesimama linanguruma. Alipokanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza hiyo ilipungua sana. Aliandika kwenye ukuta wa bati kwa chaki. Kisha akakanyaga kwa ghafla, volti za kihisi zikaruka hadi 0.85. Akaachia, zikadondoka hadi 0.1.

"Mzima huyu. Anapumua," akasema.

"Lakini hicho ni kipya, Mzee," nikamwambia. "Lazima kiwe kizima."

"Cha zamani kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya gari, kimefungwa kwa gazeti. Alikibana kwa jiliwa, akaunganisha nyaya zake na mita ya umeme, akawasha mtungi wa gesi na kuielekeza ndimi ya moto kwenye ncha. Tulisubiri. Sindano ya mita ilianza kutambaa, ikafika volti 0.8. Alipouondoa moto, ikashuka mara moja. Akaurudisha, ikapanda. Wanangu walikuwa pale, na mpaka leo wanausimulia mchezo huo. (Tafadhali, msiujaribu jikoni.)

Kihisi nilichoambiwa kimekufa kilikuwa hai. Shilingi 8,500 zangu zilikuwa zimemzika mzima.

Aliniomba nimwachie gari usiku kucha, kwani alitaka injini baridi. Asubuhi alinifanya nisimame karibu, akaliwasha, nikasikia mlio mdogo wa haraka haraka, tik-tik-tik, ambao baada ya dakika chache za joto ulipotea. Alikuwa amekwisha kupaka maji ya sabuni pale mabomba ya moshi yanapoungana na injini. Mahali pamoja povu lilikuwa likipasuka, na pembeni pake palikuwa na alama nyeusi kama ya mshumaa. Gasketi ilikuwa imepasuka.

Nikauliza: kama moshi unatoka nje, hewa inaingiaje ndani? Ajabu ni kwamba moshi hautoki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, silenda moja baada ya nyingine, na katikati ya pigo na pigo bomba huvuta pumzi. Kila linapovuta, hewa ya nje hupenya pale penye ufa. Kihisi, kilicho mbele kidogo tu, kinanusa oksijeni hiyo na kuipeleka habari kwa uaminifu. Kompyuta inaamini kuwa hewa imezidi, inaongeza petroli. Petroli inazidi kikweli, plagi zinakuwa nyeusi, mkoba unakuwa mwembamba, na taa inaendelea kusema gari lina njaa. Ukikanyaga mafuta mapigo yanasongana na moshi unakuwa mwingi, ufa hauvuti sana tena, ndiyo maana nyongeza ile ilipungua.

Gasketi ilinigharimu shilingi 900. Kazi, 1,500. Taa haijawaka tangu siku hiyo, na Ijumaa imerudi mahali pake.

Kinapokufa kweli

Isije ikadhaniwa kwamba vihisi havifi. Vinakufa, na kwa magari yetu ya mtumba vinakufa sana. Watengenezaji hukadiria kihisi chenye waya wa joto kidumu kilomita 160,000 hivi. Sheria yetu hairuhusu kuleta nchini gari lililozidi miaka minane, lakini miaka minane ni mingi, na saa ya mwendo nayo huwa si ya kuaminiwa kila mara.

Mzee huyo huvihifadhi vilivyokufa kwenye mkebe wa kahawa, na alinimwagia mezani kama daktari anayeonyesha meno aliyong'oa. Kila kimoja kina rangi ya kilichokiua. Cheusi cha masizi makavu kilizibwa na mafuta mengi, na chanzo kiko kwenye injini. Ukifunga kipya bila kutibu chanzo, nacho kitazibwa. Chenye utandu wa kahawia na ukoko ni cha injini inayokula oili. Cheupe kama chokaa mara nyingi kilinyweshwa maji ya rejeta yenye dawa, kwa sababu gasketi ya juu ya injini inavuja.

Cheupe kingine aliniwekea kando, akatikisa kichwa. Hicho kiliuawa na fundi. Ile gundi ya tyubu ya silikoni ambayo hupakwa mahali pa gasketi hutoa mvuke, na mvuke ule ukivutwa na injini ukaungua, huacha unga unaofunika zirkonia isipumue tena. Kuna gundi iliyoandikwa kwenye tyubu kuwa haidhuru vihisi. Mwulize fundi wako anatumia ipi. Akishangaa, umepata jibu.

Waliokuwa wakiendesha magari miaka ya 1990 watakumbuka muuaji mwingine, risasi ndani ya petroli. Risasi hufunika kihisi na katalaiza vikawa mawe. Serikali za Afrika ziliafikiana Dakar, mwaka 2001, kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Kampeni ile iliongozwa kutoka papa hapa kwetu Gigiri, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mpaka kituo cha mwisho duniani kilipokauka nchini Algeria mwaka 2021. Nyakati zile fundi aliyekata katalaiza na kuitupa alikuwa na kisingizio. Leo hana.

Nasema hivyo kwa sababu kukata ndiko anakoshauriwa mwenye gari linaloonyesha namba P0420, ambayo maana yake ni kuwa moshi hausafishwi ipasavyo. Ataambiwa chombo kimeziba, kikatwe, bomba tupu lifungwe, na fundi mwema atakichukua "akakitupe". Msomaji, ndani ya chombo hicho mna platini, paladi na rodi, madini ghali, na hayatupwi. Tena ufa kama ule wangu waweza kuileta namba hiyo hiyo. Na gari linalotumia mafuta kupita kiasi kwa miezi hukiunguza chombo hicho lenyewe, maana petroli isiyoungua kwenye injini huenda ikaungulia humo ndani. Kuipuuza taa ya kihisi cha bei ya elfu chache kunaweza kuzaa gharama ya makumi ya maelfu. Halafu kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo gari lenye mafuta mengi hutoa kwa wingi na ambayo huua watu ndani ya gereji zilizofungwa. Kama unalisikiliza gari lako, lisikilizie nje.

Ikiwa vipimo vyote vimeonyesha kihisi kimekufa kweli, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, haikosi vya kila aina. Nenda na cha zamani mkononi, na namba iliyochorwa ubavuni mwake. Magari mengi ya siku hizi hutumia mbele aina nyingine, inayopima kwa upana zaidi, ambayo kwa macho ni pacha wa ile ya zamani lakini haizungumzi lugha moja nayo. Aliyezoea kutafuta volti 0.1 na 0.9 ataihukumu kifo bure. Kijana wa dukani akikwambia "hii inaingia", mjibu kuwa hata mguu wa kulia huingia katika kiatu cha kushoto.

Ukipewa kile kisicho na soketi, cha kuungwa nyaya, kataa kupakwa grisi kwenye maungio. Vihisi vingi huvuta ile hewa yao safi kupitia ndani ya nyaya zenyewe, na grisi huwa kama kumziba mtu mdomo. Kukifungua, injini ipate joto kidogo, spana iwe namba 22, na ncha isiguswe na oili.

Cha kwangu cha zamani hakikurudi kwenye gari. Mzee alisema tukiweke akiba, kina miaka yake bado. Kilikaa kwenye droo ya jikoni mpaka mwanangu wa Gredi ya 8 alipokibeba shuleni kuwaeleza wenzake jinsi gari linavyonusa. Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Mwalimu wake wa sayansi bado hajakirudisha.